Jumamosi za Nkunga

Tanga

Mdogo wangu Zaina,

Salaam nyingi, na Mungu awazidishie afya hapo Ibighi. Nimekuficha jambo tangu mwaka ulioolewa. Kwenye simu nimejaribu mara mbili, nikaishia kukuuliza habari za mvua, kwa hiyo naandika. Goti lako linaendeleaje? Mimi figo zimechoka. Mwanangu na mkewe wananiuguza vizuri, ila joto la huku linanionea. Natamani baridi ya nyumbani, ile ya kuota moto na shuka mabegani.

Uliniomba nikiandikie chuo cha mjukuu wetu Rehema wamwondolee kazi ya kujitolea, kwa kuwa nilifundisha vyuoni. Ulisema, "Kaka, mtoto anasomea uhasibu, mtaro wa maji unamhusu nini? Na vijiji vyote hivi, wampeleke Nkunga!" Najua kwa nini jina hilo linakuchoma.

Sitaandika. Juzi Rehema alinipigia, anacheka: "Babu, malengelenge mpaka kwenye kidole gumba! Kina mama huku wananiita Mhasibu wa Matope." Wiki ya kwanza alikwenda kwa ajili ya alama tu, mwenyewe alikiri. Sasa anamtangulia msimamizi. Amemwona bibi asiyeweza tena kubeba ndoo, akawashawishi wenzake bomba lipite kwake. Nimemstahi mtoto huyu. Miaka yote vikaoni nilitetea sharti hilo, wenzangu wakisema kujitolea kwa lazima si kujitolea. Wana haki kidogo. Lakini sharti humfikisha mtu mlangoni, na wengine wakishafika huingia. Mimi hata mlangoni sikufika.

Rehema akaniambia mzee mmoja wa huko, alipolisikia jina langu, alimshika mikono yote miwili: "Ndaga, ndaga, asanteni sana! Idrisa ndiye aliyetuchimbia mtaro wa kwanza, enzi zile akiwa mwanachuo. Na tukipumzika, anatushonea vifungo!"

"Babu, kumbe unajua kushona?"

Nikakohoa mpaka mtoto akaniaga. Wewe unajua siwezi hata kutia uzi kwenye sindano.

Chuo changu nacho kilitutaka Jumamosi za kazi kijijini wakati wa likizo. Nilijiona msomi, nikabaki Mbeya na marafiki, nikamtuma mtu mwingine. Fomu ilirudi na saini na sifa tele. Nilimwapisha asimwambie yeyote, hata mkewe, na kiapo alikitunza mpaka tulipomzika. Nimekaa na maprofesa, Zaina, sijaona muungwana wa kumfikia.

Nisalimie Saidi mwanao hapo kwenye cherehani ya baba yake, na imamu wenu, aniombee. Rehema msomee barua hii yote, usiruke.

Unakumbuka ulivyokuwa ukimsuta Hamisi wako: "Fundi cherehani gani anarudi na suruali ya tope? Huyo mwanamke wa Nkunga anakulimisha?" Mwisho ukafunga nguo zako ukarudi kwa mama mwezi mzima. Hakukuwa na mwanamke. Hamisi alikuwa shemeji mpya, hakuweza kuninyima. Jumamosi zile alikwenda kuchimba kwa jina langu. Na nilipoitwa kuwasuluhisha, mimi kaka mkubwa, msomi, nilimtazama usoni nikamwamuru akuombe radhi. Akaomba.

Kaka yako,
Idrisa