Mkwe Aliyetazama Ukutani

Makote, Novemba 1996

Kaka Anselmo,

Shikamoo. Korosho zimekubali. Mwaka huu wanunuzi binafsi wanaleta malori hadi mlangoni, wanagombana wenyewe kwa wenyewe, sisi tunacheka tu.

Umeuliza kama mama atapona. Ile damu ya kiharusi ilivujia ndani kabisa ya ubongo. Jirani yetu Flora yalimpata hayohayo, ila yeye bado kijana, na sasa anaokota korosho. Daktari alisema mama, kwa umri wake, atarudi polepole, na mengine hayatarudi.

Mguu wake lazima ukunjwe na kunyooshwa kila siku. Mimi na mimba hii siwezi kumwinua, basi anafanya Baba Godwin. Unajua mume wangu hajawahi kumtazama mkwe wake usoni, kwetu si adabu. Hata mguu anaushika akiwa ameelekea ukutani, jasho linamtoka kwa aibu.

Jana mama aliinua mkono usiopooza, akamshika kidevu, akamgeuza taratibu. Wakatazamana. Bado hasemi, kaka, lakini alicheka kwa upande mmoja wa uso.

Usingoje apone ndipo uje. Njoo sasa, atakujua.

Mdogo wako,
Veridiana