Hatua Ishirini na Mbili

Kicukiro, Kigali
27 Novemba 1994

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Naamini barua hii itakukuta ukiwa mzima, na kwamba goti lako la kushoto limekuruhusu kulala tangu mvua zianze huko Arusha. Mama naye, kifua kimetulia? Mwambie ule unga wa ulezi alionifungashia ulinifikisha Kigali na ukabaki. Mimi kwa mwili ni mzima. Kwa mengine, nakuomba uisome barua hii ukiwa umeketi, wala usimsomee Mama kabla hujaimaliza peke yako.

Uliponisindikiza stendi mwezi wa nane uliniagiza jambo moja tu: nimtafute dada yako, Shangazi Mukabalisa, nimpate akiwa hai au nipate mahali alipolala. Nilikujibu kwa hotuba, kama ilivyo desturi yangu. Nilitangaza mbele ya abiria wote kwamba kizazi kilichozaliwa ukimbizini na kunyonyeshwa hasira kilikuwa kinarudi kuidai nchi yake. Ulinisikiliza mpaka mwisho, kisha ukaniuliza kama nimechukua sweta.

Nyumba ya Shangazi niliipata siku ya tatu. Haina paa wala mlango. Jirani yake, Mukamana, aliyesalia peke yake katika watu kumi na mmoja wa nyumba yao, alinieleza kwamba mwezi wa nne Shangazi alikimbilia uwanja wa shule ulio chini ya barabara pamoja na watu wengi wa mtaa, na kwamba hakumwona hata mmoja wao akirudi. Alinieleza hayo akichambua maharage, bila kuinua macho. Uwanja wenyewe ni mpana, umeota majani, na hapakuwa na hata jiwe la kuonyesha waliolala chini wako upande gani.

Hapo ndipo nilipomkuta Meja Keith, Mwingereza wa miaka sitini na miwili, mstaafu wa jeshi, aliyeletwa na shirika moja la misaada kufufua pampu za maji. Wanawake wa sokoni walimwita Muzungu anayenusa majani, kwa kuwa kila asubuhi alionekana ameinama uwanjani akipapasa udongo. Dereva wake, Nduwayo, aliyekulia Bujumbura, alinitania kwamba bosi wake akiachwa na ng'ombe kwa saa moja watagombania malisho.

Nilimhoji kwa ukali wa mwendesha mashtaka, naye alinijibu kwa upole ulionikera. Alisema kwamba ujanani aliichezea kriketi timu ya jimbo lao, kwa ridhaa, bila kulipwa hata senti. Nilipomwambia shingo upande kwamba baba yangu ni mtunza uwanja wa kriketi, alivua kofia. Kisha akanisimulia kwamba katika mchezo mmoja mkubwa mpira uliligusa gongo lake kidogo tu, ukadakwa, na kwa sheria mchezaji wa namna hiyo hutoka. Mwamuzi hakusikia, wapinzani hawakudai, lakini yeye alijua. Basi akaweka gongo kwapani akatoka mwenyewe. Timu yake ilishindwa, na watu wa kwao humsifu kwa hilo hadi leo. Bila mimi kumwuliza, aliongeza kwamba mwaka uliofuata alikuwa luteni nchini Kenya wakati wa hali ya hatari. Alimwona mfungwa akipigwa na askari waliokuwa chini yake mpaka akafa. Ripoti ikaandikwa kwamba ni homa, naye akaitia saini. Uwanjani alitoka, alisema, lakini jeshini alibaki; na tangu siku hiyo sifa za mchezo ule humchoma kuliko tusi.

Wiki iliyofuata niliona vigingi na kamba zimetandazwa uwanjani. Mtu mwingine yeyote wa Kigali angeona kamba tu. Mimi, niliyekua nikikushikia ncha ya kamba ya chokaa, nilihesabu kwa macho hatua ishirini na mbili kutoka kigingi hadi kigingi, urefu ule ule wa njia ya kurushia mpira uliyoisawazisha maisha yako yote. Damu ikanichemka. Anataka kucheza! Juu yao! Nilirudi chumbani nikaandika kurasa tatu.

Jumapili ya tarehe thelathini Oktoba, baada ya misa, nilipanda juu ya kreti za bia pale sokoni. Niliwauliza watu: je, vifua vya mama zetu vimekuwa zulia la michezo ya wakoloni? Je, mkono uliotia saini damu ya Kenya ndio utakaotupigia chokaa juu ya makaburi? Baba, sikuwahi kushangiliwa namna ile, hata chuoni Mlimani. Vijana waliteremka uwanjani wakang'oa vigingi, wakavichoma moto pamoja na kamba. Meja alisimama kando ameshika kofia. Ofisi moja ya serikali ilimwamuru aondoke nchini katika siku tatu, naye akaondoka. Nduwayo aliniambia kwamba siku zote alidhani sisi tuliotoka Tanzania huomba radhi hata tukikanyagwa, kumbe na kukanyaga tunajua.

Hadi hapa umesoma habari za binti aliyekosea kwa kutojua. Laiti ingekuwa hivyo.

Jumamosi, siku moja kabla ya hotuba, nilikwenda uwanjani na kurasa zangu ili nimsomee Meja usoni. Nilimkuta amepiga magoti akichomeka ufunguo wa gari ardhini, Mukamana kando yake. Alinionyesha kwamba palipochimbwa ufunguo huzama bila kusukumwa, na majani huota mazito, yenye rangi iliyokolea. Alisema aliugawa uwanja kwa vipande vya hatua ishirini na mbili kwa kuwa ndicho kipimo pekee ambacho miguu yake imekikariri. Walikuwa wamekwisha kubaini mahali patatu. Mukamana alitusihi tunyamaze mpaka Jumatano, ambapo padri na jamaa wa marehemu wangekusanyika, ili wafu wao wasigeuzwe kioja cha sokoni. Meja aliahidi. Mimi pia niliahidi.

Nilijua, Baba. Nilipanda juu ya kreti zile nikiwa nimekusudia kuuacha ukurasa wa tatu, ule wa vigingi na wa Kenya. Lakini ukurasa wa kwanza haukumgusa mtu, na katikati ya wa pili mwanamume mmoja aliuliza kwa sauti kama msomi ameleta chakula au ameleta maneno matupu. Watu wakacheka. Sikuweza kustahimili kicheko kile. Nikageuza ukurasa. Siri aliyonikabidhi mtu kwa aibu yake niliifanya jiwe la kumpigia; naye, ili asiivunje ahadi aliyompa Mukamana, hakujitetea.

Siku ya nne, Jumatano ile ambayo mkusanyiko haukufanyika tena, Mukamana alinijia na kipande cha kitambaa alichokuwa amekiosha. Alikiokota Jumamosi ile asubuhi ukingoni mwa moja ya sehemu zile tatu, na alikuwa akingoja kikauke ndipo anionyeshe. Ni pindo la khanga, manjano, lenye alama za korosho. Wewe na Mama mlimpelekea Shangazi doti hiyo mwaka themanini na nane. Kwa hiyo agizo lako nimelitimiza na kuliharibu kwa wakati mmoja: Shangazi yumo uwanjani, lakini mvua za mwezi huu zimelainisha udongo wote na kuotesha majani yote rangi moja, vigingi ni majivu, na Mukamana hakumbuki tena kipimo kilianzia wapi.

Kuna jingine. Mlimani niliwaambia wenzangu kwamba baba yangu ni mkulima. Niliona haya kusema kwamba husawazisha nyasi za michezo ya Wazungu.

Leo asubuhi, baada ya misa, nilipanda tena juu ya kreti. Hakuna aliyenishitaki, wala mwamuzi aliyeinua kidole kunitoa. Niliyasema haya yote, bila karatasi. Hakuna aliyepiga makofi. Mwanamke mmoja aliuliza kama mwezi ujao nitakuja na ukweli mwingine. Mukamana alichukua kikapu chake akaondoka.

Nilimfuata hadi mlangoni kwake. Meja alikuwa amemwachia bunda la kamba lililosalia. Nilimwomba nianze kupima upya. Alikataa. Alisema kamba hiyo atampa kaka wa Mukabalisa, si mimi.

Basi njoo, Baba, mwezi wa sita, majani yatakapoanza kukauka. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba wakati wa kiangazi majani ya ardhi iliyochimbwa huwa ya mwisho kupoteza rangi yake. Njoo na macho yako. Mimi nitashika ncha ya kamba, kama zamani, ukiniruhusu.

Msalimie Mama, na majirani wote wa pale bombani. Sweta ninalo.

Ni mimi mwanao,
Winifred