Mtutu Niliousafisha Bila Miwani

Barabara ya Sugar Fork,
Ohio.
14 Oktoba, 2019

Mpendwa mjukuu wangu Lyle,

Hujambo huko Alaska? Kifua kimepona, au bado unatembea kichwa wazi kwenye theluji kama mtu asiye na kwao? Mimi mzima, ila mkono wa kulia unaniuma hewa ikibadilika. Jamu ya tufaha nimeshapika, chupa zako nimeziweka.

Sasa kaa chini. Ile barua ya mwezi uliopita niliyokuandikia kuhusu mkeo Tressa, itie motoni. Yote niliyomsema si kweli. Sikujua kuwa si kweli, lakini nilikuwa na haraka ya kuamini.

Unaijua bastola yangu ile ya bei rahisi, nzito kama tofali. Zile risasi nene zilikuwa zinanitegua kiganja kila Jumamosi tukienda uwanjani kulenga shabaha na kina mama wa kanisani. Tressa akaniagizia mtutu mwingine wenye tundu jembamba, pamoja na springi yake, akanifungia mwenyewe ili nitumie risasi ndogo. Kwa nje ile mitutu miwili ni pacha. Basi ule mpya akaupaka mstari mwekundu wa rangi ya kucha nisije nikachanganya. Nikamwambia bastola yangu si bibi harusi. Siku niliyoitoa mitutu yote miwili kuisafisha pale mezani jikoni, nikausugua ule mstari mpaka ukatoka. Miwani ilikuwa juu ya friji. Nikaona ya nini.

Jumamosi iliyofuata risasi ndogo ya kwanza ililia vibaya. Ganda la risasi likaruka limevimba na kupasuka ubavuni, na karatasi ya shabaha haikupata hata tundu. Sikuumia. Lakini niligeuka, mbele ya kina mama wote, nikamwambia Tressa kwamba ananitafutia kifo arithi nyumba. Aliokota vitu vyake akaondoka. Kisha nikakuandikia wewe, nawe ukampigia simu ukamfokea. Sasa yuko kwa mama yake.

Ijumaa mzee Burl, yule msimamizi wa uwanja, alikuja kwangu na lile ganda mfukoni. Akaniomba nivae miwani kwanza. Akauchomoa mtutu uliokuwa ndani ya bastola, akatia risasi ndogo. Ikazama humo na kucheza kama mguu wa mtoto kwenye kiatu cha baba yake. Mtutu mpya ulikuwa kwenye droo, ndani ya soksi, nilikouweka kwa mkono wangu.

"Opal," akasema, "uliurudisha ule wa zamani."

Nilimmiminia kahawa, nayo ilikuwa imepoa.

Juzi Jumamosi nilianzia kwa mama yake Tressa, nikamwomba Tressa aje uwanjani. Alikuja, ila akasimama kando ya gari lake. Nikamwambia Burl apandishe bendera nyekundu. Unajua ikipanda kila mtu anaweka silaha chini na kurudi nyuma ya mstari. Wote wakawa wananitazama mimi.

Nikasema, "Mtutu niliukosea mimi. Rangi niliifuta mimi. Tressa hakuharibu kitu, nami nilimtukana hapa hapa."

Ndiye mimi huyo, Lyle, niliyekuchapa ukiwa na miaka minne kwa kukataa kuomba radhi.

Tressa akasema, "Wewe umesema, Bibi. Lyle je?" Akaingia garini.

Basi mpigie. Usiniweke mimi mbele kama ngao, eti bibi ndiye aliyekudanganya. Mimi niliishia darasa la sita, wewe una cheti ukutani, na hukumuuliza mkeo hata swali moja kabla ya kumfokea. Hilo ni lako. Langu nimelibeba, na bado linanilemea nikiingia kanisani.

Msalimie binamu yako Wendell, mwambie anyoe hizo ndevu. Shangazi yako Nedra anakusalimu. Mungu akulinde kwenye barafu hiyo na akulainishe shingo.

Ule mstari mwekundu nimeurudisha mwenyewe, kwa miwani. Nusu ya rangi iko kwenye kidole changu. Nimeiacha. Tressa akirudi aione.

Ni mimi bibi yako, nikupendaye hata nikikugombeza,
Opal