Baba Mkwe Haingii Chumba cha Kompyuta, na Mabomba Yanakataa Kukaa

Mpendwa Mama Janeffer,

Nisaidie kabla sijaharibu harusi yangu au kazi yangu, maana naona moja lazima iharibike na sijui ni ipi nitaililia zaidi. Mimi ni msichana wa Kisii niliyezaliwa huku huku Kericho, wazazi wangu walikuja kuchuma majani chai wakabaki, na sasa ninachora kwa kompyuta katika karakana ya mabati inayotengenezea viwanda vya chai mabomba ya hewa moto, trei na vifuniko vya mashine za kukaushia, na huko ndiko nilikopatia matatizo yangu yote, na raha zangu pia, nisiseme uongo.

Tulipoletewa kompyuta, programu yake ya kuchora ilikuwa hodari kwa kila kitu isipokuwa bati. Unachora bomba lako zuri la pembe nne, unaiambia ilikunjue liwe bapa ili fundi ajue akate wapi, nayo inalikunjua kana kwamba bati ni karatasi na unene si kitu. Lakini bati likikunjwa linavutika pale kwenye kona, kila mkunjo unaongeza kidogo, na hivyo vidogo vikijumlishwa unapata bomba ambalo haliingii kwa mwenzake. Programu ile inakuruhusu kuiandikia amri zako mwenyewe, basi nikaanza kuitengeneza. Nikaandika amri ya kuuliza unene wa bati, nyingine ya kukata kona kidogo ili bati lisipasuke likikunjwa, nikaanza pia ile ya kupanga vipande kwenye bati zima ili tusitupe mabaki mengi, nikawa nakula nikiwaza mikunjo mpaka mama akasema mashine imeniroga.

Aliyekuwa akinisaidia ni Mzee Onsongo, fundi wa mashine ya kukunja. Bati jipya likiingia stoo alikata kipande chembamba, akakikunja mara moja, akaja nacho chumbani kwangu na kusimama nyuma ya kiti, nikapima pande zote mbili tukaona bati limevutika kiasi gani, nami nikaingiza namba. "Ongeza kidogo," ananiambia, "hii bati ni ngumu, si kama ile ya juzi." Namwambia kompyuta haijui kidogo ni nini, ataje namba. Tulikuwa tunabishana mpaka chai inapoa, na yale mabishano, Mama Janeffer, ndiyo yaliyoitengeneza ile programu, si akili yangu peke yangu wala yake.

Sasa sikia. Mzee Onsongo ana kijana wake, Momanyi, mwalimu wa shule ya msingi huko Londiani, ambaye siku moja alikuja kumletea baba yake sweta kwa sababu ya mvua, akaniona, na mengine unayajua. Mwaka huu ng'ombe wamefika kwa baba yangu na harusi ni Agosti. Nilifurahi sana, nikasema nitaolewa na mtu ninayempenda na baba mkwe atakuwa mtu ninayemjua. Sikufikiri kwamba siku ile ng'ombe walipoingia kwetu ndiyo siku niliyompoteza fundi wangu.

Kwetu kuna heshima tunayoiita chinsoni. Baba mkwe hamshiki mkono mke wa mwanawe, haingii nyumbani kwake, hasimami naye mahali wakiwa wawili tu. Mimi nimelelewa hivyo na siidharau. Lakini chumba changu cha kompyuta kilikuwa stoo ya misumari, ni kidogo hata ukigeuka unagonga ukuta, kina mlango mmoja, na ninakaa humo peke yangu. Tangu ng'ombe walipofika, Mzee Onsongo hajakikanyaga. Akinikuta uani anapinda kona. Akiwa na neno anamtuma Kipyegon, fundi wa kuchomelea, na Kipyegon akifika kwangu ameshasahau nusu, anasema tu, "Madam, mzee anasema ile kitu si sawa," nikimuuliza kitu gani anasema, "Si unajua."

Mwezi uliopita tukapata kazi ya bomba la mashine ya kukaushia. Tuliagiza bati la geji kumi na nane, mwenye duka akatuletea la kumi na sita, ambalo ni nene zaidi, na hakuna aliyeniambia. Nikachora kwa bati jembamba. Mzee aliponyanyua bati la kwanza tu alijua si lenyewe, mikono yake haidanganyiki, na bado akakunja vile vile nilivyochora. Bomba lilipofika kiwandani lilikuwa kubwa likakataa kuingia mahali pake, majani mabichi yako kwenye vitanda vya kunyaushia yanangoja, na meneja akamtukana Bwana Weldon, mwenye karakana yetu, mbele ya wafanyakazi.

Bwana Weldon aliporudi alituita sote uani. Akauliza, "Mzee, wewe uliona bati imebadilika?"

"Niliona."

"Sasa mbona hukusema?"

Mzee akatazama chini. "Yule ni bibi ya kijana yangu. Yuko peke yake huko ndani. Ningeingia namna gani?"

Bwana Weldon ni Mkipsigis, alishika kichwa kwa mikono miwili. "Mimi sijui hii mambo yenu," akasema. "Bomba haijui mkwe. Kufika mwisho wa mwezi mniambie nani anahama. Mzee aende Bomet kwa ile karakana ya matangi, ama Nyabate atoke kwa kompyuta aende kupokea simu."

Na kama hiyo haitoshi, tangu siku ile nikifika asubuhi nakuta vipande vya bati vilivyokunjwa vimewekwa kizingitini kwangu. Kimoja leo, kingine kesho kutwa. Vingine vimekwaruzwa namba kwa msumari, sijui ndiyo ananihesabia makosa yangu. Naona ananiambia haya, tazama kazi yako. Nilivisukuma kwa mguu chini ya meza na viko huko mpaka leo, sitaki kuviona.

Momanyi nimemwambia, akasema, "Achana na hiyo kazi, tukishaoana utapata ingine huku Londiani." Kazi gani, kuchimba viazi? Aliyenisikiliza ni nyanya yake, mama yake Mzee Onsongo, ambaye huwa ananitania ananiita mke mwenzake na kuniuliza lini nitamchukulia mume wake, yaani huyo mjukuu wake Momanyi. Yeye alicheka tu akasema wanaume wa nyumba hiyo wote wana aibu.

Mama Janeffer, sikai wala sisimami. Naanza amri mpya kwenye kompyuta naiacha katikati, natoka nje narudi, nikisikia mashine ya kukunja inalia naruka kana kwamba nimeitwa. Nimewaza kumwambia Momanyi tusogeze harusi. Nimewaza kumkabili mzee mbele ya watu nimwambie ameniaibisha. Halafu namwona anapinda kona ili asikutane nami, amebeba bati begani na umri ule, na hasira yote inageuka kilio. Mzee akienda Bomet kwa ajili yangu nitaingiaje katika boma lake? Na nikitoka kwenye kompyuta, ile programu atamalizia nani? Niambie nani ahame.

Ni mimi,
Nyabate

MAMA JANEFFER ANAJIBU

Nyabate, keti kwanza. Barua yako imenifanya nizunguke jikoni mpaka maziwa yakafurika, kwa hiyo tuketi sote wawili.

Hakuna anayehama. Hilo ulichukue mapema ndipo unisikilize, kwa sababu nitakugombeza kidogo.

Pole kwa ile aibu ya kiwandani, najua imekuuma. Mimi si Mkisii, nimeolewa hapa Kapkatet, lakini usidhani wakwe ni wa Wakisii peke yao. Baba mkwe wangu mpaka leo akija kwetu anaanza kukohoa tangu kwenye lango la ng'ombe ili nipate nafasi ya kufunga kitambaa, na kifua chake ni kizima kabisa. Kwa hiyo heshima yenu sitaicheka, wala usimruhusu mwajiri wako aicheke. Ila heshima ni ya kuishi nayo, si ya kuvunjia kazi, na hapo mzee naye amekosa. Angeweza kusimama uani akapaza sauti, "Bati si lile," mbele ya watu wote, na chinsoni isingepata hata mkwaruzo. Alikunja bati akijua litakataa. Huyo ni mtu mzima, na nyanya yenu akimwambia hivyo hataumia.

Sasa tuje kwako, binti. Umeniandikia mwenyewe kwamba kila bati jipya likiingia, mzee alikata kipande, akakikunja mara moja, akakuletea upime. Ndivyo mlivyoanza kila kazi. Mistari michache baadaye unaniambia asubuhi unakuta kipande kimekunjwa kiko kizingitini, kimekwaruzwa namba, nawe unakisukuma chini ya meza kwa mguu. Nilisoma hapo mara tatu nikidhani nimeruka ukurasa. Wewe uliyeifundisha kompyuta kuuliza unene wa bati, ulishindwa kuokota bati ukaliuliza? Mzee hahesabu makosa yako. Anakuletea kazi yako mpaka mahali pa mwisho anapoweza kufika. Zile namba nadhani ni urefu wa kipande kabla hajakikunja, kwa sababu bila huo utapima nini? Hasira ndiyo iliyokuziba macho, na nakuelewa, lakini iweke kando sasa.

Kisha utoke kwenye hicho kichumba. Stoo ya misumari si mahali pa kumweka mtu anayefanya kazi na mwenzake, hata kama hawana ukwe. Mwambie Bwana Weldon meza ya kompyuta ihamie kwenye karakana yenyewe, upande wa dirisha, palipo na watu wakati wote, na uinunulie kompyuta kitambaa cha kuifunika kwa ajili ya vumbi. Hapo mzee anaweza kuweka kipande mwisho wa meza, akarudi nyuma hatua zake, akasema "ongeza kidogo" na watu wote wakisikia. Hakuna mkono ulioshikwa, hakuna mlango uliofungwa. Akikataa kukutazama akizungumza, aitazame mashine yake, na wewe uitazame yako. Kipyegon mrudisheni kwenye kuchomelea, mpeni mapumziko, kazi ya ujumbe haiwezi.

Wewe usiende kumkabili mzee. Ukimsema mbele ya watu utakuwa umevunja kitu ambacho hakuna kompyuta ya kukikunjua. Mwendee nyanya, huyo anayekuita mke mwenzake. Yeye anaruhusiwa kukuambia lolote nawe unaruhusiwa kumwambia lolote, na Onsongo kwake ni mtoto tu. Mpelekee sukari, mweleze yote pamoja na hiyo ya Bomet, na umwombe amwambie mwanawe kwamba karakana si nyumba ya Momanyi. Neno hilo likitoka kwake mzee hana pa kukimbilia.

Kwa huyo Momanyi pia nina neno. Mwalimu, msichana wako hakukuomba ruhusa ya kuacha kazi, alikuomba umsikilize. Alikuwa na kazi hii kabla wewe hujaleta sweta. Nenda ukaongee na baba yako kama kijana wa nyumba, na iwe siku ile ile nyanya yako atakapomsema, ili asipate mahali pa kujificha. Harusi ibaki Agosti.

Na ile programu yako, Nyabate, bado ina upungufu mmoja. Inauliza unene, halafu inaamini jibu lolote. Andika amri moja zaidi, isikubali kukunjua bati lolote mpaka iwekewe vipimo vya kipande kilichokunjwa kutoka kwenye bati lile lile lililoingia stoo siku hiyo. Hapo mwenye duka alete geji anayotaka, hakuna kazi itakayoanza kabla Mzee Onsongo hajatoa neno lake, awe baba mkwe au asiwe.

Lakini hayo yote yatafuata. Kesho asubuhi, kabla hujawasha kompyuta, inama chini ya meza uvitoe vile vipande. Vipime kimoja kimoja, uingize namba zake. Ukimaliza, kabla mzee hajafika, nenda ukavitundike kwenye msumari karibu na mashine ya kukunja, mahali ambapo lazima ataviona. Usiseme neno lolote. Atajua umemsikia.