Kiganja cha ngano

Katoro, Jumanne

Leo tena Rashidi, mwandishi mwenzangu, kala chapati nne mezani na wachimbaji, na habari zote kapata yeye. Mimi nikila ngano tumbo hunilaza kitandani. Namwonea wivu, nakiri.

Tangu nihamie hapa natafuta mgahawa usio na ngano. Nikamwuliza Mama Kulwa, mwenye mgahawa tunaokula, kuhusu vitumbua vyake.

"Mchele mtupu, baba."

"Vinashikanaje?"

"Ah, natia ngano kiganja tu. Hiyo nayo ni ngano?"

Alicheka, akaniletea matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa. Mchimbaji mmoja akavuta kiti kwangu. "Mwandishi, kumbe unakula chakula cha Kisukuma!" Akaanza kunisimulia mambo ya mgodini.

Rashidi akaja, akanyoosha mkono aonje. Nikaivuta sahani.