Mikono ya Msaidizi wa Bwana Radi

Kibokoni, Jumatano, Julai 1965

Tangu asubuhi ni manyunyu ya kusi, na mimi siwezi kutulia. Nimetandika kitanda, nimekitandua, nimekwenda dirishani, nimerudi.

Fungate letu halijaisha. Salim yumo humu nyumbani kwetu nami, hatoki ila msikitini, na bado kila akirudi moyo wanipiga kama wa mwanafunzi aliyeitwa na mwalimu mkuu. Nampenda hata anavyovua viatu.

Salim ni karani Kilindini, lakini starehe yake ni kuchora. Mabaharia humpa vitabu vya picha vya mashujaa wanaoruka angani, naye amebuni wake, Bwana Radi, anayekamata wezi kwa kuwamulika. Mhariri wa gazeti moja la hapa mjini amekubali kumchapisha kwa sharti moja: shujaa apewe msaidizi, maana akiwa peke yake anasema na hewa kama mwehu.

Katika vitabu vya mabaharia msaidizi ni kijana aliyevaa kinyago. Nimevisoma vyote, kichwa changu begani kwa Salim.

"Huyu kazi yake nini?" nilimuuliza.

"Kufungwa kamba. Na kuuliza maswali ili shujaa apate kujibu."

"Basi nipe mimi. Maswali ninayo."

Alicheka, akashika kalamu. Msaidizi wa Bwana Radi akawa msichana wa buibui, asiyefungwa kamba na mtu, na ndiye anayetangulia mlangoni. Kwa heshima yangu Salim alimfunika uso, yakabaki macho tu. Akajisifu kwamba hapana atakayejua ni mkewe.

Leo mchana akaingia Bi Rukia na chetezo cha udi. Ndiye somo yangu, aliyenifunda na anayetuhudumia fungate zima. Akazitazama karatasi mezani.

"Mbona mwari wangu yumo humu?"

"Bi Rukia, uso nimeufunika," Salim alisema.

"Uso nani autazama? Hina hii si ya Mwanaisha mpaka hina, aliyompaka mke wako? Kuna mwanamke hapa Kibokoni asiyeijua? Wamtembeza mkeo mitaani, na fungate halijaisha."

Ni kweli. Salim alikuwa ameinakili hina yangu jani kwa jani, mpaka ua la kiganjani. Masikini, mwanamume angejuaje kwamba sisi hutambuana kwa hina? Na mikono hii ndiyo aishikayo kutwa. Angechora mingine ipi?

Aliona haya mpaka masikioni. Mjumbe wa mhariri alikuwa aje baada ya alasiri, na wakati wa kuchora upya haukuwapo. Akatwaa wembe, akaanza kukwangua wino.

"Nitamvisha glavu."

Mkono wa kwanza ulipofutika, karatasi ilibaki na kovu jeupe. Sikustahimili.

Nilitaka kuwamo.

Naiandika wazi, maana hapa hapana wa kunikataza. Bibi harusi hufunzwa kuinamisha macho, nami nimeyainamisha vizuri. Lakini yule anayetangulia mlangoni ni mimi kama Salim anionavyo, na sijawahi kupewa zawadi nzuri kuliko hiyo.

Nikamshika mkono wenye wembe. "Iache hina yangu."

"Na mama yako je?"

"Mama niachie mimi."

Bi Rukia alijifanya anafukiza mapazia. Alipofika mlangoni akageuka. "Ule mkono uliokwangua mrudishie. Watu watasema mwari wangu ni kilema."

Salim aliuchora tena ule mkono, na hina yake; mjumbe amekwisha kuja, amekwisha kuzichukua karatasi. Salim yuko msikitini. Mama yuko chini, anakuna nazi na kuimba, hajui lolote, na gazeti likitoka jirani wa kwanza atakayelishika atapanda ngazi zetu mbio.

Kwa hiyo kesho asubuhi nitashuka nimwambie mwenyewe. Nimeyajaribu maneno ya kuanzia. Kila mara nacheka kabla sijayamaliza, kisha nayaanza upya.