Kunde kwenye saa ya shangazi

Mke wangu Zena,

Salaam kutoka Malindi. Joto ni kali, nami mzima. Nilifunga kunde zilizolowa kwenye mshale wa dakika wa saa ya ukutani ya shangazi, zizunguke polepole kama ziko angani bila uzito. Baada ya siku tatu mizizi haikujua chini ni wapi, ikaota ovyo. Nikamweleza shangazi kwamba bila uzito seli hukua vingine, hata jeni zinazofanya kazi ndani yake hubadilika.

"Saa nayo imebadilika," akasema.

Ilichelewa nusu saa, na basi la kwenda arusini Watamu likatuacha. Tulifika kwa teksi, biriani imekwisha. Shangazi alipoulizwa kulikoni, akanionyesha kidole: "Muulizeni mwalimu."

Nilikula ukoko. Nina hamu nawe na watoto, Mungu awalinde.

Wako,
Hamisi